Nyuzi za Kiondo cha Watiri

...na ukumbi mzima ukapiga makofi mpaka mabati yakalia, watoto, mabati yenyewe! Ngojeni, nimeanzia mwisho. Ketini kwanza. Murungi, funga huo mlango, upepo wa mlima utatuua. Najua leo ni Jumatatu na tunafaa kuanza na hesabu, lakini nimekuja na habari hii kutoka Giakanja, na nikiibeba mpaka saa ya uji nitapasuka.

Sasa sikizeni. Kwetu ni Giakanja, kule Tetu, ukishapita Nyeri mjini. Kuna chama huko kinaitwa Chama cha Historia ya Nyumbani. Si chama cha siasa, msiende kuambia wazazi ati mwalimu Beth ameingia siasa. Ni watu tu: walimu waliostaafu, mama wa kanisa, mwenye studio ya picha pale sokoni, na mimi, mdogo wao wote. Mwenyekiti wetu ni mzee Hezekiah, aliyekuwa hedimasta wangu nikiwa kama nyinyi. Kazi ya chama ni kutafuta mambo ya zamani ya pale kwetu kabla hayajapotea, halafu kuyarudisha kwa watu. Kila mwaka tunafungua ukumbi wa soko siku moja ya Jumamosi, tunapanga vitu mezani, na mtu yeyote anaingia bure. Anaona, anauliza, anabishana akitaka. Sheria yetu ni moja tu: kila kitu kinasimamiwa na mtu anayeweza kueleza kilitoka wapi na kilifanya nini. Kitu kisicho na wa kukieleza hakipandi meza.

Sasa dada yangu ana msichana anaitwa Waithira, yuko darasa la saba. Nyinyi wa Nanyuki mnajua viondo, vile vikapu vya kusuka vinavyoning'inia barabarani vikingoja wazungu na wanajeshi. Mnafikiri vinatoka kiwandani. Waithira anasuka akitembea, anasuka akichunga mbuzi, anasuka mwalimu akigeukia ubao. Anasokota mkonge pajani mpaka ngozi imekuwa nyekundu. Muhula huu mradi wake wa sanaa ulikuwa mkeka mdogo wa meza, na alikuwa amebakisha ukingo tu. Mwalimu wake alikuwa amewaambia darasa zima waje waone kazi safi inakaa vipi, bila uzi hata mmoja unaochungulia nje.

Juma lililopita, kabla sijarudi huku, nilienda naye kwa shosho Watiri. Shosho huyu, bibi mzee wa pale kwetu, anaishi peke yake karibu na kijito, na ana kiondo ambacho chama kimekitamani miaka mingi. Ni kiondo cha kitambo sana, cheusi kwa moshi, kilichosukwa kwa nyuzi za maganda ya mti kabla mkonge haujajaa kwetu. Kila mwaka mzee Hezekiah anamwomba, kila mwaka anakataa.

Tulimkuta akikoboa mahindi. Nikamsalimu, nikaeleza shida yetu vizuri kabisa, kwa maneno niliyofunzwa chuoni.

"Hapana," akasema shosho. "Mlete majani mkitaka kunywa chai. Kiondo hakiendi."

"Kitarudi, shosho. Tutakichunga."

"Mambo ya vita hayana haja. Nani anataka kuyasikia? Vijana wa siku hizi wanataka video."

Mimi nikachukua mahindi, nikaanza kumsaidia kukoboa. Waithira naye alikuwa ameketi kwenye kigogo, anasuka tu. Shosho ana mtoto wa jicho, haoni vizuri, lakini alisikia ule mkonge ukisuguana. Akanyoosha mkono akaushika mkeka, akapitisha vidole juu yake pole pole.

"Nani alikufunza?"

"Ni mama," Waithira akasema.

"Unakaza sana. Mkono wako una haraka." Halafu akainuka, akaingia ndani. Alipotoka alikuwa na kile kiondo. Akampa Waithira, si mimi. "Kaa nacho wewe. Siku hiyo usimame nacho wewe. Huyu tata yako anaongea sana."

Msicheke. Tata ni mimi, shangazi yake, na ni kweli ninaongea sana.

Basi nikarudi Nanyuki na kiondo kikabaki kwa dada yangu. Na hapo ndipo mambo yalipoharibika, kwa sababu ya adabu njema.

Kwetu, ukiazima kiondo cha mtu hukirudishi kitupu. Unatia ndani hata viazi viwili. Na kama kimeraruka, unakishona kwanza. Ukikirudisha na tundu, watu watauliza mama yako alikufunza nini. Waithira alipokichunguza aliona kuwa karibu na kitako kuna kiraka kibaya ajabu. Kilikuwa kimefumwa kwa nyuzi za nguo, zimesokotwa kila rangi, nyekundu, bluu, kijivu, nyeupe, kijani, zimepindana kama njia ya panya. Mtoto akawaza: shosho haoni, hana binti, ndiyo sababu kiondo kimekaa hivi. Akataka kumfurahisha.

Siku ya Jumatano, baada ya shule, akachukua sindano, akachomoa kile kiraka chote. Akasokota mkonge mpya, akaupaka masizi ya chungu ili ufanane na kiondo, akaziba lile tundu. Na aliijua kazi yake, kwa sababu hata mama yake alitafuta mahali palipokuwa na tundu akapakosa. Zile nyuzi za rangi akazitupa nyuma ya jikoni.

Ijumaa jioni mzee Hezekiah akapita nyumbani kuona kama kila kitu kiko tayari. Akavua kofia, akaketi, akapewa chai, na uso wake ulikuwa unang'aa.

"Waithira, umebeba bahati. Watiri amekubali kuja kuzungumza mwenyewe. Miaka yote hii hajawahi. Nimetoka kwake sasa hivi, amenieleza kile kiraka."

"Kiraka?" Waithira akasema.

"Kile cha rangi rangi. Unajua wakati wa Hali ya Hatari, siku za vita vya kupigania uhuru, watu walitolewa kwenye mashamba yao wakapangwa vijijini, na kijiji kikazungushiwa handaki. Wanawake ndio walilichimba. Aliyekuwa na jembe alichimba, asiye na jembe alibeba udongo kwa kiondo. Kiondo cha Watiri kikapasuka kwa uzito. Na asiye na cha kubebea alikuwa haruhusiwi kutoka kwenda shambani kutafutia watoto chakula jioni. Sasa wale wenzake wa handakini, kila mmoja akachomoa nyuzi kwenye nguo aliyovaa, akazisokota pajani, akampa. Wakaziba tundu askari akiwa ameangalia kwingine. Kila rangi pale ni mwanamke mmoja. Watiri anawajua kwa mpangilio wao. Kesho atawataja."

Mzee akamaliza chai, akavaa kofia yake, akaenda. Waithira alikuwa bado amesimama palepale na birika mkononi.

Akakimbia nyuma ya jikoni. Akapekua majivu, akapekua maganda ya viazi, akapekua banda la kuku kwa mikono. Hakuna. Nyuzi zimekwenda.

Karambu akamkuta huko. Karambu ni rafiki yake wa darasani, baba yake ni daktari wa mifugo aliyetoka Meru, na ni msichana mwenye majibu ya haraka. Waithira akamweleza kila kitu.

"Si utengeneze ingine," Karambu akasema.

"Ingine nini?"

"Kiraka. Si wewe ndiye fundi? Chukua gunia kuukuu, chukua ile sweta ya ndugu yako Ben isiyomtosha tena, chukua leso ya mama yako imeraruka. Shona vibaya. Shosho haoni."

"Lakini sikumbuki mpangilio."

"Na nani anakumbuka? Watu wataangalia rangi tu. Ama unataka uende umwambie ulitupa mama za watu kwa majivu?"

Waithira akaingia ndani. Akachukua mkasi.

Mimi nilifika nyumbani jioni hiyo, giza likiingia, na nikamwona ameinama dirishani akishona. Nikamwuliza ni nini, akasema anakaza mshipi wa kiondo. Nilikishika kile kiondo kwa mikono hii yangu. Niliona kiraka, nikasema, "Hiki ndicho mzee Hezekiah amenieleza tulipokutana njiani? Kweli watu waliteseka." Mnaona? Mimi mwenye diploma, mwanachama wa historia, niliangalia nyuzi za sweta ya Ben nikahuzunika.

Waithira hakula vizuri usiku huo. Mama yake akafikiri ni woga wa kusimama mbele ya watu.

Asubuhi tukaamka mapema. Mimi nikatangulia ukumbini na kiondo kusaidia kupanga meza, Waithira akabaki ili amalize kukamua ng'ombe. Ukumbi ulipendeza. Kulikuwa na mizinga ya nyuki, jiwe la kusagia, picha za daraja la zamani likijengwa, kofia ya askari aliyepigana Burma, na baiskeli ya mhubiri wa kwanza wa kanisa letu, ambayo wajukuu wake wawili walikuwa tayari wanagombana ni nani ataisimamia. Ilikuwa siku ya soko, kwa hivyo watu walianza kumiminika na mabegi yao ya kabichi. Wengine walikuwa wametoka mbali, hata Mukurweini.

Waithira naye alipotoka nyumbani alipita uwanja wa shule. Ndugu yake Ben, wa darasa la nne, alikuwa huko na vijana wenzake wanacheza mpira. Ule mpira wa karatasi za plastiki, mnaujua, unaukaza kwa kamba mpaka unaruka. Ulipigwa ukatoka nje ukasimama mbele ya miguu yake. Waithira akainama aurudishe. Akaona uzi mwekundu. Akaugeuza, akaona bluu. Akaugeuza tena.

"Ben, hizi nyuzi ulitoa wapi?"

"Nyuma ya jikoni. Zilikuwa zimetupwa. Rudisha mpira."

Sasa fikirieni yeye yuko wapi. Kiondo kiko mezani, kiraka cha uongo kimeshonwa, hakuna mtu amegundua. Angerudisha ule mpira kwa teke moja, aende zake, na mambo yangeisha. Akichukua zile nyuzi, itabidi aseme alizitoa wapi. Alisimama pale mpaka vijana wakaanza kumzomea.

"Wee, Waithira, hiyo mpira si ya wasichana."

"Nazitaka hizi nyuzi," akasema.

"Ati nini?" Nahodha wao alikuwa kijana mmoja anaitwa Nderitu, mwenye meno makubwa na mdomo mkubwa zaidi. "Leo tuko na mechi na watu wa ng'ambo ya mto. Ukifungua mpira, tutacheza na kichwa chako?"

"Nitawapa kamba ingine."

"Kamba gani? Ya migomba? Itakatika mara moja."

Waithira alikuwa na mkoba wake wa shule begani, na ndani yake kulikuwa na ule mkeka. Alikuwa ameubeba ili asuke ukingo akingoja watu ukumbini, kwa sababu ungesahihishwa Jumatatu, yaani leo. Akautoa.

"Mkonge," akasema. "Nimeusokota mwenyewe. Vuta uone."

Nderitu akavuta. Akaita mwenzake wakavuta wawili. Ben akasema kwa sauti ndogo, "Lakini huo ni mradi wako." Waithira akakata fundo la kwanza kwa meno na kuanza kuufumua, mstari baada ya mstari, kazi ya muhula mzima, wale vijana wakimwangalia. Alipomaliza, Nderitu mwenyewe alimsaidia kufungua mpira wa zamani bila kukata nyuzi.

Huku ukumbini shosho Watiri alikuwa amefika. Alikuja na gauni la kanisa na kitambaa cheupe kichwani, akitembea na fimbo, na watu wakampisha. Mzee Hezekiah akamketisha mbele. Akauliza Waithira yuko wapi, nikasema yuko njiani, na nilikuwa nimeanza kuwa na wasiwasi. Watu walikuwa wengi, hatungengoja zaidi. Mzee akampa shosho kiondo magotini.

Shosho akaanza. Sauti yake ilikuwa ndogo lakini ilisikika mpaka nyuma. Akaeleza handaki, akaeleza udongo mwekundu unavyokuwa mzito ukinyeshewa, akaeleza kiondo kupasuka. Halafu akakiinua karibu na macho, akatafuta kwa vidole.

"Wa kwanza ni mwekundu," akasema. "Alikuwa na blanketi nyekundu. Mwekundu uko hapa, juu, na..." Vidole vyake vikarudi nyuma. "Hapana. Hapa ni kijivu. Mwekundu uko wapi?"

Mzee Hezekiah akainama. "Uko huku chini, mama."

"Chini? Haukuwa chini." Akajaribu tena. "Mwekundu, halafu bluu, halafu... Hapa kuna bluu mbili." Uso wake ulianza kubadilika. "Labda nimechanganya. Nimezeeka, mwalimu. Nimewataja hawa kila usiku kabla ya kulala, na leo nimewapoteza."

Nikasogea karibu naye. Na nyuma kabisa, mwanamume mmoja muuza redio anaitwa Gatimu akasema kwa sauti ya kusikika, "Si nilisema? Hawa wazee wanajitungia tu. Kila mtu siku hizi alikuwa kwa handaki." Watu wengine wakacheka kidogo, cheko lile la aibu. Shosho akasikia. Akakiweka kiondo chini, akaanza kutafuta fimbo yake aondoke.

Waithira alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa amefika wakati shosho akiuliza mwekundu uko wapi, na alikuwa amesikia yote. Akapita katikati ya watu, viatu vina tope, mikono imejaa nyuzi chafu. Akasimama mbele.

"Shosho, hujasahau," akasema. "Hizo si nyuzi zenu."

Watu wa nyuma wakasimama ili waone.

"Zile zenu nilizichomoa mimi. Niliona kiraka ni kibaya, nikataka kukurudishia kiondo kikiwa kizuri. Nikazitupa. Halafu mzee Hezekiah alipotuambia ni za nini, nikaogopa, nikashona hizi za uongo. Hii nyekundu ni sweta ya ndugu yangu. Wewe hujakosea mpangilio. Ni mimi sikuujua." Akapiga magoti, akamwekea zile nyuzi mapajani. "Zenu ni hizi. Zilikuwa zimefunga mpira."

Mama yake, yaani dada yangu, alijishika mdomo. Shosho Watiri hakumwangalia Waithira. Alizishika zile nyuzi zenye tope, akazisugua kwa kidole gumba na kidole cha shahada, moja moja, muda mrefu. Kisha akainua uzi mmoja juu, karibu na dirisha.

"Huu," akasema, na sauti yake haikuwa ndogo tena. "Huu ni Wangeci wa blanketi nyekundu. Mumewe alikuwa fundi wa mawe. Alikuwa anaimba tukichimba, mpaka askari anamwambia anyamaze, halafu anaimba kwa pua."

Upande wa kushoto mama mmoja muuza maharagwe akasimama na karai lake mkononi. "Huyo ni mama yangu," akasema. "Aliimba kwa pua mpaka alipokufa."

Watoto, siwezi kuwaeleza vile ukumbi ulikuwa. Shosho akainua wa bluu, akataja jina, na mzee mmoja aliyekuwa ameegemea ile baiskeli ya mhubiri akasema ni shangazi yake. Akainua wa kijivu, hakuna aliyesimama, lakini shosho akasema huyo hakuacha mtoto, kwa hivyo tumkumbuke sisi. Akainua mweupe, na ukawa wa mama wa mwenye studio ya picha, mwanachama wetu, ambaye amepanga picha za watu wengine mezani miaka mingi na hakuwa anajua kuwa mama yake yuko ndani ya kiondo. Jamaa huyo alilia waziwazi.

Gatimu muuza redio alivua kofia. Hakusema kitu, na kwa Gatimu hiyo ni kazi kubwa.

Halafu shosho akamgeukia Waithira. "Una sindano?"

"Ninayo."

"Chomoa huo uchafu. Macho yangu hayawezi, lakini nitakuambia kila uzi unapita wapi. Na usikaze sana."

Wakakaa pale mbele, shosho akielekeza na yule mtoto akishona, na watu hawakwenda nyumbani. Wanawake wazee walisogeza benchi karibu. Wakaanza kumsahihisha Watiri, naye akiwasahihisha, mmoja akasema handaki lilipita nyuma ya kisima, mwingine akasema mbele, wakatoka nje wote kuonyeshana kwa fimbo na kurudi bado wanabishana. Mzee Hezekiah alikuwa ananitazama kana kwamba nimemletea mvua. Na uzi wa mwisho ulipofungwa, shosho akainua kiondo juu kwa mikono miwili, ndiyo makofi yakaanza, ndiyo mabati yakalia.

Mmeuliza kwa macho, nimewaona, kama Waithira alipigwa. Hakupigwa. Lakini jioni, tukikunja meza, mzee Hezekiah alimwita kando, na alisema maneno ambayo nataka myasikie vizuri.

"Waithira, kosa lako la kwanza lilikuwa la mtoto mwenye bidii. Ulishona bila kuuliza. Mtu yeyote angekusamehe kabla ya chai kupoa. La pili ndilo lilikuwa baya, kwa sababu uliona mwenye kusema kweli akianza kujiona mwongo. Uongo hauharibu tu yule anayeusema. Unamharibia na yule asiye na kosa. Lakini ulitembea kutoka mlangoni mpaka mbele, na hakuna aliyekusukuma. Hicho ndicho nitakachosema kila mtu akiniuliza juu yako."

Shosho Watiri alikuwa akisikiza huku akifunga kitambaa chake. "Na tena," akasema, "kile kiraka chake cha uongo kilishonwa vizuri sana. Asirudie."

Waithira akacheka na kulia pamoja. Mwalimu wake wa sanaa, ambaye alikuwa ukumbini, amempa muda mpaka mwisho wa mwezi kusuka mkeka mwingine. Vijana wa Ben nao walishinda mechi, na Nderitu anatembea akisema ni kwa sababu ya kamba.

Na jana, baada ya kanisa, watu walikuwa wamepanga foleni nje ya nyumba ya mzee Hezekiah. Wale wale waliokuwa wanatunyima vitu. Mmoja ana shoka, mwingine ana kinanda kibovu, bibi mmoja amebeba mlango. Mlango mzima, watoto, na anataka kueleza kila tundu lililo ndani yake. Chama kitahitaji ukumbi mwingine.

Kuna uzi mmoja sijawaambia. Ule wa kijani. Juzi ukumbini shosho aliushika muda mrefu kuliko zote, akaugeuza, akasema, "Huyu simkumbuki. Alikuja siku moja tu kutoka kijiji kingine, akanipa, akaondoka." Waithira akauliza aseme nini watu wakimwuliza. Shosho akamwambia aseme hatujui. Basi jana jioni tukiwa kwa shosho, tunamrudishia kiondo, mbwa akabweka, tukaona mama mmoja mzee sana kwenye lango. Alikuwa ametoka kijiji cha Gakindu, alikuwa ameshikwa mkono na mjukuu wake, na alikuwa amevaa...

Hiyo ni kengele. Hapana, Murungi, hata ukinililia. Tokeni mkanywe uji. Kesho mje kabla ya gwaride la asubuhi, mimi nitakuwa hapa tayari, na nitawaambia alichosema mama yule alipokishika kiondo, na jibu alilopewa na Watiri.